Sawa ya Kipimo na Sawa ya Kuitika

Vijana wangu mnaoingia darasani mwaka huu na chaki mfukoni, nataka kuwaambia habari za alama moja tu: ile mistari miwili mifupi inayolala, mmoja juu ya mwenzake. Najua mnaijua. Kila mtu anadhani anaijua, na ndiyo maana nimeshindwa kustaafu kama watu wengine wanavyostaafu. Nikikaa, miguu inaniwasha. Natoka nje, narudi ndani, nakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa, mpaka binti yangu ananiambia niende nikaandike hayo yanayonisumbua ili yeye apike kwa amani. Basi, naandika.

Chukueni darasa lolote la watoto waliotoka shule ya msingi, la Mweso au la Mpofi, haidhuru. Andikeni ubaoni 8 + 4, halafu hiyo mistari miwili, halafu nafasi tupu, halafu + 5. Ombeni mtoto aje ajaze nafasi. Atakuja mbio na kuandika 12. Mwingine atamsahihisha na kuandika 17. Jibu ni 7, lakini nimefundisha miaka mingi na waliolipata kwa mara ya kwanza hawajai benchi moja. Si wajinga hata kidogo. Tangu wakiwa wadogo wamefundishwa kwamba alama hiyo inasomeka "inatoa". Tatu na nne inatoa saba. Kwao ni kama mdomo wa kinu: unatia nafaka huku, unga unatoka kule.

Dawa yake ni rahisi, na ningependa muianze wiki ya kwanza kabisa. Andikeni 7 = 3 + 4. Watoto watapiga kelele kwamba Madame ameandika kinyumenyume. Waacheni wapige kelele, halafu muwaulize: ukiwa na mzigo wa viazi huku na mzigo wa viazi huku, na mizani imetulia, kuna upande unaoitwa jibu? Hapo ndipo somo la hesabu linapoanzia. Mengine yote mliyosoma kabla ya hapo yalikuwa mazoezi ya vidole.

Aliyenionyesha jambo hili ni Papa Anselme, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu wa Mpofi, Walikale, mtoto wa msituni hasa, baba yake mwindaji. Alikuja kufundisha hesabu kwenye shule yetu ya mlimani upande wa Mweso, na mpaka uzeeni aliendelea kulalamika kwamba Masisi nzima hakuna mahali pa kuweka kikombe kisimwagike. Alikuwa mrefu, mpole, na mchokozi wa kupindukia.

Jumamosi masomo yakiisha tulikuwa tunakaa nyuma ya shule, walimu watatu wa hesabu: yeye, mimi, na Prof Innocent, kijana aliyetoka Goma na diploma yake ikiwa bado na harufu ya wino. Tunachoma viazi, na Papa Anselme anaokota kipande cha makaa yaliyozimika, anaandika swali juu ya mlango wa zamani uliong'oka darasani. Tuliyaita maswali ya makaa. Kanuni ilikuwa kwamba anayejua jibu anyamaze mpaka viazi viive. Kanuni hiyo ilinitesa mimi kuliko wote, maana sijaumbwa kungoja. Nimekula viazi vibichi vingi kwa sababu ya hesabu.

Siku moja akaandika a = b. Akazidisha kila upande kwa a, akapata a² = ab. Akatoa b² huku na huku: a² − b² = ab − b². Akaitenganisha vizuri kabisa: (a + b)(a − b) = b(a − b). Kisha akafuta (a − b) pande zote mbili kwa kidole, akaacha alama nyeusi mlangoni, na ikabaki a + b = b. Na kwa kuwa a na b ni kitu kimoja, mbili ikawa sawa na moja.

Innocent alinyanyuka na kiazi mdomoni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona shimo liko wapi, nikawa nazunguka jiko kama mtu aliyekanyaga siafu, nisiruhusiwe kusema. Ubaya ni kwamba Papa Anselme aliipeleka hiyo hesabu darasani Jumatatu na kuwaacha watoto nayo bila jibu. Kabla ya wiki kuisha akaja baba mmoja kwa prefe, yule mkuu wa shule, akiwa amekasirika, anataka kujua ni mwalimu gani aliyemwonyesha mwanawe kwamba mbuzi wake wawili ni mmoja.

Tuliitwa wote. Papa Anselme hakujitetea. Alimwambia yule baba kwamba kosa liko pale tulipofuta, kwa sababu a − b ni sifuri, na kufuta vile ni kugawanya kwa sifuri. Yule baba akasema hajaelewa. Basi Papa Anselme akamsogelea.

"Papa, tuseme uko na mbuzi mbili. Ugawe kwa batoto zero, hakuna hata mumoja. Kila mutoto anapata ngapi?"

"Mutoto gani?" yule baba akauliza.

"Njo ile," Papa Anselme akasema, yaani ndiyo hapo hasa.

Yule baba alicheka mpaka akakaa chini. Nimesoma maelezo mengi ya kwa nini hatugawanyi kwa sifuri, na hakuna lililonifaa darasani kuliko lile swali la "mutoto gani". Siku hizi watoto wanabonyeza simu, simu inaandika "erreur", nao wanaamini na kuendelea na maisha yao. Hiyo inanikera kuliko kosa lenyewe. Simu imewaambia kuna kosa lakini haijawauliza mutoto gani. Basi ulizeni nyinyi. Na mkimpa mwanafunzi uongo wa hesabu, msimwombe akanushe mwisho wake. Mwisho kila mtu anaona ni upuuzi. Mwambieni ashuke mstari kwa mstari, na kwenye kila mstari ajibu kama pande mbili bado ziko sawa na kwa nini.

Innocent naye alikuwa na yake. Motard anapanda na pikipiki kwenda Mweso kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa saa, kwa ajili ya matope, anarudi njia ileile kwa sitini. Mwendo wake wa wastani ni ngapi? Darasa zima litaimba arobaini. Ni thelathini. Wekeni njia ya kilomita sitini muone: saa tatu kupanda, saa moja kushuka, kilomita mia moja na ishirini kwa saa nne. Mtu anakaa muda mrefu zaidi ndani ya upole wake kuliko ndani ya haraka yake, kwa hiyo upole unapata uzito zaidi. Siku Innocent alipotuletea hilo swali, motard aliyekuwa ameleta katoni ya chaki alikuwa amesimama pale. Alisema yeye hilo swali halikubali kabisa, kwa sababu kwenye barabara ile anayeshuka kwa sitini hafiki kuhesabiwa wastani.

Nitoke kidogo nje ya njia, mnisamehe, ndivyo nilivyo. Baadaye, vita vilipotuondoa mlimani, nilifundisha kwa muda karibu na Mubambiro, chini ya hema, malori ya jeshi yakipita na kutikisa ubao. Watoto walitoka kila upande. Msichana mmoja alikuwa amesoma kambini Uganda, anaweka nukta mahali sisi tunapoweka virgule, yaani mkato, na virgule mahali sisi tunapoacha nafasi. Aliandika 1,500 akiwa na maana ya elfu moja na mia tano, na jirani yake akasoma moja na nusu. Walikaribia kupigana kwa chungu cha maji ambacho kilikuwa kwenye swali tu. Nilifurahi siku hiyo, katikati ya taabu ile yote. Watoto waliokuwa tayari kupigana kwa maana ya alama nilijua wataelewa hesabu. Lakini pia nililala vibaya, maana nilikumbuka kwamba kuna alama nyingine, neno moja tu, ambalo liliwahi kukaribia kumnyang'anya mama mmoja chakula cha wanawe. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo.

Neno lenyewe ni "sawa". Ndilo tunalosomea ile mistari miwili. Papa Anselme alipenda kutuuliza: hilo neno lenu linafanya kazi ngapi? Ukimwambia mtu jambo, naye anajibu "sawa", maana yake nimekusikia, naitika. Ukipima mizigo miwili ikalingana, unasema iko sawa. Na huku kwetu Kivu tunasema pia mtoto analia "sawa" mbuzi, yaani kama mbuzi. Kuitika, kulingana, kufanana: kazi tatu, neno moja, mshahara uleule. Tulicheka. Hatukujua kwamba tutalipimia shamba.

Mama Zawadi alikuwa mjane. Mume wake alikuwa amekufa, naye akarudi na watoto kwenye mlima wa baba yake, na wawili kati yao wakawa wanasoma kwetu. Baba yake, kabla ya kufa, aliita kapita, yaani mkuu wa kijiji, akasema mbele yake: "Zawadi apate sawa Faustin." Faustin ni kaka mkubwa wa Zawadi. Kwa desturi ya huko binti hapati shamba kirahisi, kwa hiyo maneno hayo yalikuwa makubwa. Ila mnaona shida. Apate kiasi kilekile anachopata Faustin? Au apate, kama vile Faustin naye anavyopata, kiasi kisijulikane?

Faustin hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alichukua kamba, akapima. Chini bondeni kuna sehemu tambarare, nyeusi, maharagwe yanaota mpaka unayaonea aibu. Akapima mita hamsini kwa thelathini, akasema hiyo yangu. Juu yake kuna mteremko mkali. Akalaza kamba juu ya udongo kufuata mteremko, mita hamsini kupanda, thelathini kwenda kando, akasema hiyo ya Zawadi. Hamsini kwa thelathini, hamsini kwa thelathini. Kapita akamuuliza Zawadi: sawa? Naye akajibu: sawa. Mambo yakafungwa hapo.

Wiki chache baadaye Zawadi alikuja shuleni Jumamosi, akatukuta na viazi vyetu. Alisema amelima sehemu yake mara moja na mikono imekataa, na akiitazama kutoka ng'ambo ya bonde anaiona ndogo kuliko ya Faustin. Alitaka kujua kama macho yake yanamdanganya. Mvua za Septemba zilikuwa zinakaribia, mawingu yalianza kukaa mlimani tangu asubuhi. Faustin akishapanda maharagwe mpaka kwenye mpaka wake, hakuna atakayeugusa mpaka huo tena, maana mazao ardhini ni kama muhuri. Zawadi alikuwa na watoto wanne na msimu mmoja. Alitaka jibu la neno moja.

Na sisi tukampa nini? Tukampa mjadala. Ninapokumbuka Jumamosi ile nataka kuwashika wote watatu mabega na kuwatikisa, na mmoja wao ni mimi. Innocent alisema kwa furaha kwamba kipimo ni sahihi: uso wa udongo ni hamsini kwa thelathini pande zote mbili, na uso ni uso, haujali umelala au umeinama. Papa Anselme akasema hapana, ukitaka kujua mlima unabeba nini, tazama kivuli chake mchana jua likiwa utosini. Akachomeka vijiti wima, vimebanana, kwenye lundo la udongo, halafu kwenye udongo tambarare wenye upana kama wa kitako cha lile lundo. Idadi ikawa ileile. Maharagwe yetu yanapanda miti, na miti husimama wima hata mlimani, haisimami kuelekea kando. Innocent akajibu kwamba hakuna mtu anayebananisha miti ya maharagwe namna hiyo, mtu anapima hatua kwa mguu, na mguu unakanyaga mteremko. Walikuwa sahihi wote wawili. Hilo ndilo lililokuwa linaniwasha. Niliona wanajibu maswali mawili tofauti kwa neno moja, wanafurahi, viazi vinaungua, na yule mama amesimama pale na jembe.

Mwishowe akasema, polepole kabisa, "Minapoteza ao hapana?"

Nikasimama nikaleta sinia mbili za jikoni, zenye ukubwa mmoja. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Nikalaza moja chini, nyingine nikaiinamisha kwenye jiwe kama mteremko wake, kingo zake zikiwa zimezibwa ili maji yasitoroke. Tukangoja, mimi nikihesabu moyoni kwa hasira. Sinia iliyoinama ilikuwa na maji kidogo kuliko ile iliyolala. Mvua inashuka kutoka juu. Haijui urefu wa udongo wako, inajua tu uwazi unaoitazama mbingu, na jua ni vivyo hivyo. Hapo Innocent akatikisa kichwa, akasema kwamba kama swali ni kazi ya jembe, basi uso wa udongo unahesabika wote, lakini kama swali ni mavuno, inahesabika sehemu inayotazamana na mbingu. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote alizowahi kusema, na nilimwambia.

Sasa iliyobaki ilikuwa kupima. Sikilizeni hapa, kuna kitu cha kuwafaa. Mkipima shamba la mlimani, msilaze kamba chini. Mtu mmoja anashika mwisho wa kamba juu, kwenye udongo. Wa pili anasimama chini, anainua kamba mpaka inakuwa bapa. Mtajuaje imekuwa bapa? Chukueni chupa ya plastiki, tieni maji nusu, muizibe, muifunge kwenye kamba ikiwa imelala ubavu. Maji yakikaa sambamba na ubavu wa chupa kutoka shingo mpaka kitako, kamba iko bapa. Kisha mwachilie jiwe lililofungwa kwenye uzi kutoka mwisho wa kamba, lianguke wima, na hapo linapogusa ndipo mnaanza hatua nyingine. Mnateremka kama ngazi. Darasa langu lote lilifanya hivyo baadaye, na walielewa pembetatu yenye pembe mraba siku hiyo kuliko kwa kitabu chochote.

Mlima wa Zawadi, tulioupima kesho yake, haukuwa umepigwa rula, una vinundu vyake, lakini ulikaribia kabisa: hamsini kwa mteremko zilitoa arobaini bapa. Papa Anselme alifurahi sana, maana ni ile tatu, nne, tano ya shuleni, imezidishwa kwa kumi na kulazwa Masisi. Hivyo Faustin alikuwa na hamsini kwa thelathini, Zawadi arobaini kwa thelathini. Innocent akaruka, akasema basi Faustin ampe dada yake mita kumi. Nanyi mngesema hivyo, msijidanganye, nimeona hata wakaguzi wakisema hivyo. Akimpa kumi, Zawadi anakuwa na hamsini na Faustin arobaini, na ugomvi umegeuka upande tu. Tofauti ni kumi, kinachohama ni nusu yake. Mita tano.

Jumatatu asubuhi tulipanda wote. Kapita alikuja na fimbo yake, Faustin alikuja na jembe begani kwa sababu alitaka kuanza kupanda siku hiyohiyo. Hewa ilikuwa nzito na nilishindwa kusimama mahali pamoja. Papa Anselme alieleza kwa upole, habari za kamba na chupa na mvua inayoshuka wima. Faustin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo hayakuwa ya kipumbavu hata kidogo: kwamba alipima mbele ya watu, kwamba kamba ilikuwa moja, kwamba dada yake aliulizwa mbele ya kapita, na alijibu sawa. Kapita akakubali kwa kichwa. Neno lilisemwa, na yeye alilisikia kwa masikio yake.

Zawadi akasema, "Niliitika. Sikupima. Ile ilikuwa sawa ya kuitika, haikukuwa sawa ya kipimo."

Kapita akauliza atajuaje sasa ni ipi. Nikaona Papa Anselme anafungua mdomo kuanza tena na vijiti vyake, na mimi sikuweza kuvumilia. Nimewafundisha watoto maisha yangu yote kwamba kama a ni sawa na b, popote ulipoandika a unaweza kuweka b, na hakuna kitakachoharibika. Hiyo ndiyo maana yote ya ile mistari miwili. Ukiogopa kubadilisha, hazikuwa sawa.

Nikamwambia, "Kaka Faustin, unasema yote mbili iko sawa?"

"Iko sawa, Madame. Kamba njo ile ile."

"Basi mubadilishe. Weye upande juu, dada yako ashuke hapa chini. Leo leo."

Faustin alitazama mteremko, akatazama udongo mweusi chini ya miguu yake, akashusha jembe kutoka begani na kulisimamisha. Kapita alimtazama yeye. Sisi wote tulimtazama. Sijawahi kuona mtu akifanya hesabu kwa uaminifu namna hiyo, mbele za watu, bila kuandika kitu. Nilimwonea huruma, nawaambia kweli. Aliamini kabisa kwamba amegawa kwa haki, mpaka nilipomwomba akubali ile haki yake mwenyewe.

"Iko na kazi mingi, kule juu," akasema mwishowe.

"Ninajua," Zawadi akasema. "Minalima makumi tano, minavuna makumi ine."

Hakusema kwa sauti kubwa. Faustin akasema dada yake apewe hizo mita tano za chini, yeye hataki wazazi wake wamsikie vibaya huko waliko. Tulipima tena na chupa, na mara hii yeye mwenyewe alishika mwisho wa kamba. Kapita alikata chipukizi la mti wa mpaka, ule ambao ukishapandwa hakuna mwenye akili anayeung'oa. Kisha, kama desturi ilivyo, akamgeukia Zawadi ili afunge mambo.

"Sawa, mama?"

Tulingoja. Wingu lilikuwa limeshafika kwenye paa la shule ng'ambo ya pili. Innocent alinitazama, nami nilikuwa nimeshaanza kuitika kwa niaba yake kwa kichwa, haraka yangu ile ile.

"Ile neno nilisha isema mara moja," Zawadi akasema. "Leo siisemi. Faustin achimbe shimo, nione."

Faustin akainama, akachimba. Akaweka chipukizi ndani, akalishikilia wima kwa mkono mmoja, na Zawadi akarudisha udongo kwa mguu wake, akiukanyaga pande zote, mpaka kaka yake alipoachilia mkono na mti ukabaki umesimama.